Skeli, emo na ile do ya mama

Haya jamani, leo tupumzishe siasa kidogo. Wiki nzima mtu unaandika nani kasema nini, wapi na lini, mpaka unaanza kuota vichwa vya habari. Leo nataka kuongelea gitaa. Najua wapo watakaosema "huyu naye!", lakini vumilieni, mbele ya safari kuna jambo.

Wanaonifahamu wanajua nina gitaa moja la umeme la mtumba, na kwamba napenda muziki ambao hapa Dar ukiutaja watu wanakuuliza kama unaumwa. Unaitwa emo. Sisemi zile nywele za kufunika jicho moja na wanja mweusi ambavyo kaka zetu walivishangaa kwenye televisheni. Hizo zilikuja baadaye. Emo ilianzia Washington katikati ya miaka ya 1980, kwa vijana wa panki waliochoka kuimba ngumi na serikali tu, wakaanza kuimba yaliyowauma wao wenyewe. Rites of Spring walitoa albamu mwaka 1985, watu wakawabandika jina hilo, na wenyewe hawakulipenda kabisa. Miaka ya 1990 mambo yakahamia katikati ya Marekani, kwenye miji ya mashamba ya mahindi na vyuo vikuu. Chicago kulikuwa na Cap'n Jazz, na mpiga ngoma wao alikuwa kijana mdogo anaitwa Mike Kinsella. Huyo Kinsella baadaye akaenda chuo Urbana, Illinois, akakutana na Steve Holmes na Steve Lamos, wakaunda American Football. Mwaka 1999 wakatoa albamu moja, nyimbo tisa, picha ya nyumba ya kawaida ya wanafunzi kwenye jalada. Wakamaliza chuo, kila mtu akashika njia yake. Basi.

Ila watu hawakuacha kuisikiliza. Miaka 15 baadaye, 2014, ikabidi wenyewe warudi jukwaani. Ile nyumba ya kwenye jalada ikawa mahali pa kwenda kupigia picha, na mwaka 2023 bendi, kampuni yao ya rekodi na wenzao wakainunua kabisa. Nyumba! Kwa sababu ya albamu ya wanafunzi waliokuwa wanasubiri kuhitimu.

Upande wa pili kuna ndugu yake emo, ule wanaouita math rock. Mimi nauita roki ya hesabu. Ni muziki wa mapigo yasiyo shufwa: tano, saba, kumi na moja. Wengi wanaanza kuhesabu ukoo wake kwa Slint wa Louisville na albamu yao ya 1991, halafu unakuta Don Caballero wa Pittsburgh, unakuta toe wa Tokyo ambao mimi ningewalipia kiingilio hata kwa mkopo. Mara nyingi hizi aina mbili zinakaa nyumba moja, chumba na sebule: hesabu kwa nje, machozi kwa ndani.

Sasa skeli zinaingiaje?

Kila anayejifunza gitaa anapewa skeli kama mtoto anavyopewa uji. Do re mi fa so la ti do, panda, shuka. Ukizoea, unaongezewa mwendo. Ukizoea tena, unaambiwa uanzie noti nyingine. Kwa miezi mingi nilifanya hivyo kila nikitoka zamu ya usiku, sauti nimeshusha ili jirani asigonge ukuta. Vidole vikawa vyepesi kweli. Lakini kila nikijaribu kutunga kitu kinatoka ngazi tu, napanda ghorofani, nashuka ghorofani, na huko juu hakuna mtu. Ni sawa na mwandishi anayejua alfabeti vizuri sana.

Kilichonifungua ni jinsi wale jamaa wa Urbana wanavyofunga nyuzi zao. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, ni E A D G B E. Wao, kwenye nyimbo kama "Never Meant", wanafunga F A C G C E. Ukiangalia vizuri, nyuzi tatu hazijaguswa. Mnene umepandishwa nusu hatua, wa nne umeshushwa hatua nzima, wa pili umepandishwa nusu. Kazi ya dakika mbili. Lakini hebu itafsiri kwa do-re-mi ya kwaya, F ikiwa do. Unapata: do, mi, so, re, so, ti.

Waliopita kwaya watakuwa wameshatabasamu. Tatu za kwanza, do mi so, ni nyumbani kabisa, mlango umefungwa, chakula kiko mezani. Halafu juu kabisa, kwenye uzi mwembamba unaosikika kuliko zote, imening'inizwa ti. Mwalimu yeyote wa kwaya atakwambia ti ina tabia moja: inataka kwenda do. Ukiiacha pale, msikilizaji anabaki amevuta pumzi. Sasa hapa haiendi. Kila ukipiga nyuzi zote bila kubonyeza chochote, unasikia nyumbani na mtu ambaye hajafika nyumbani, kwa wakati mmoja. Nadhani hiyo ndiyo emo yenyewe, hata kabla ya mtu kufungua mdomo.

Na kuna siri nyingine iko kwenye fa. Fa na ti zikilia pamoja ndizo zinazosukumana kwa nguvu kuelekea nyumbani. Kwenye zile nyuzi sita fa haimo. Ukiendelea kuikwepa hata kwenye vidole vyako, ti inapoteza ule ukali. Haiombi tena. Inakaa tu pale juu, inakuangalia. Hapo nikaelewa kwamba skeli kumbe ni daftari la majina, na kazi ya mtunzi ni kuamua leo nani asiitwe.

Kitu cha pili ni kuzitawanya noti kwenye nyuzi tofauti. Ukipiga do re mi kwenye uzi mmoja, kila noti inaiua iliyotangulia. Ukipiga re kwenye uzi wa tatu ukiwa wazi, la kwenye freti ya pili ya uzi wa pili, halafu ti kwenye uzi wa kwanza ukiwa wazi, zote zinaendelea kulia pamoja. Skeli inakuwa kama mvua ya bati, huwezi kusema tone lipi limeanza. Mzee Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliujua ufundi wa namna hii zamani, akiimba kwa Kiswahili chao cha kule. Sikilizeni "Masanga" aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Gitaa moja, vidole viwili vya mkono wa kulia, na unaapa wapo watu wawili. Sisemi wale wa Illinois walimsikiliza, sina ushahidi. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na magitaa ya kusukana namna ile halishtuki sana likikutana na roki ya hesabu.

Mapigo nayo yasiwatishe. Saba unaihesabu moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Basi, umemaliza. Utamu unakuja pale mmoja anapopiga saba na mwenzake nane: wanaanza pamoja, wanaachana, wanapishana kama daladala, na wanakutana tena pigo la 56. Kwenye kukutana huko watu hupiga kelele hata kama hawajui kuhesabu.

Nilikuwa na kipande changu cha saba hivyo. Noti sita za kuvunjavunja, na pigo la saba ni ile ti ya uzi wa kwanza, halafu moja kwa moja unarudi mwanzo. Do yenyewe iko freti ya kwanza ya uzi huohuo, karibu kabisa, kidole kimoja tu, na siibonyezi. Nilikuwa nakipenda sana kile kipande. Lakini kilikuwa hakina wimbo.

Mwezi wa tatu mama alipata kiharusi.

Mama yangu anakaa Morogoro. Ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa, na do-re-mi niliijua kwake kabla ya a-e-i-o-u. Kiharusi kilimpitia mkono wa kulia, na kikachukua maneno. Anakuelewa vizuri tu, ukimtania anacheka. Lakini akitaka kusema "maji" linatoka jambo lingine kabisa, au halitoki kitu, na anageuka kuangalia ukuta. Kwa mwanamke aliyekuwa anatoa matangazo ya kikundi bila karatasi... tuyaache.

Tangu hapo kila Jumamosi ninayokuwa sina zamu napanda treni ya SGR na gitaa langu. Siku za mwanzo nilipiga nyimbo zake za zamani. Akawa analia, mama mdogo anayemtunza akaniambia kwa upole, "Baba, hizo ziache kwanza." Kwa hiyo nikawa nakaa tu pembeni ya kitanda, gitaa halijachomekwa popote, nafanya mazoezi yangu ya mapigo saba. Kusema kweli nilikuwa najifurahisha mwenyewe. Anayepiga gitaa halazimiki kutafuta cha kusema.

Nilikizungusha kile kipande labda mara ishirini. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-ti. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-ti. Kwenye mzunguko mmoja hivi nikasikia nyuma yangu: "Doo."

Ilikuwa safi, imekaa mahali pake, haikupanda wala haikushuka. Nikageuka. Mama alikuwa anaangalia dari. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo?" Nikarudia. Nikafika ti. Nikasubiri. "Doo."

Wala si muujiza. Nilirudi Dar nikasoma usiku mzima, ndiyo faida ya kazi yetu, tunajua kutafuta. Watu wengi waliopoteza maneno kwa kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo bado wanaweza kuimba, na kule Boston tangu mwaka 1973 kuna tiba inayoanzia kwenye kuimba ili kuyafikia maneno. Haifanyi kazi kwa kila mtu. Nilimweleza daktari wake, naye akasema tuendelee, haidhuru kitu. Kwa hiyo tunaendelea.

Lakini ngojeni niwaambie iliyonitokea kwenye muziki, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kipande changu kilikuwa cha saba. Do ya mama ilikuwa inaingia pigo la nane. Ambalo halipo! Nikilishikilia saba langu, yeye anaimba juu ya mwanzo wa mzunguko unaofuata, vinagongana. Nikilifanya nane, linakuwa jambo la kawaida kabisa, muziki wa kupangusia vyombo. Na tena hafiki kila mara kwenye nane. Siku akichoka anafika kwenye tisa. Siku moja alivuta pumzi mpaka kumi na moja, mimi nimekaa juu ya ile ti nasubiri, mama mdogo naye amesimama mlangoni anasubiri, mpaka ikaja.

John Lee Hooker alikuwa hivyohivyo, ndiyo maana wanamuziki wengi walipata shida kumfuata. Alibadili kodi pale alipokuwa tayari yeye, hesabu itajijua. Miaka yote nilidhani mapigo yasiyo ya kawaida ni watu wenye akili nyingi wamekaa na kalamu. Wapo wa hivyo, na nawapenda. Lakini wimbo wangu sasa una mizunguko ya saba, nane, saba, tisa, saba, kumi na moja, na hakuna hata mmoja niliouchagua. Niliurekodi kwa simu, nikampa rafiki yangu mpiga ngoma ausikilize. Akaniuliza hiyo hesabu nimeitoa bendi gani.

Kuhusu maneno, yapo mawili matatu. Mwezi uliopita alisema "njoo" akiwa ameanza nalo kwenye noti ya so, akashuka nalo mi, kama anamwita mtoto aliyeko nje. Mimi ndiye niliyekuwa nje, natoa viatu.

Jumamosi iliyopita nilifanya jaribio. Kipande kimefika ti, yeye kimya, nikaona labda leo amechoka sana, ngoja nimsaidie. Nikasogeza kidole freti ya kwanza nikaibonyeza ile do mwenyewe. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanipiga kofi dogo kwenye vidole, kama alivyokuwa anafanya mtu akidokoa nyama kwenye sufuria. Halafu akaiimba yeye.

Sehemu hiyo nimemwachia. Sasa natafuta sehemu ya pili, nadhani itakuwa ya tano, na ndani yake nitaiacha so bila mwenyewe, maana hiyo ndiyo noti ya sauti ya pili na nina hakika ataitaka.

Jumapili njema.