Pesa ya Kompyuta



Mdogo wetu yuko mwaka wa pili wa informatiki huko Lubumbashi. Wengi mnamjua, maana kila likizo mnamletea mialiko ya ndoa awapigie kwenye mashine ya jirani. Sisi pia tulidhani masomo yenyewe ndiyo hayo: kupiga herufi haraka, kutoa karatasi safi, halafu kufungua kibanda cha fotokopi karibu na stesheni.

Kwa hiyo mwaka jana, alipotuambia kwa simu kwamba anaandika programu kwenye daftari, kwa biki, tuliingiwa na shaka. Kompyuta iko wapi? Na pesa yetu je? Mwezi mzima hatukutuma kitu. Hata unga na samaki wakavu wa Bukama, vilivyokuwa vimefungwa tayari kupanda treni, tulivizuia. Hakulalamika. Tulikuja kusikia kwa mwenzake wa chumba kwamba alikuwa akila mara moja kwa siku, tena wakati wa mitihani.

Jambo hilo linatuuma mpaka leo. Sisi ni walimu, tumesoma taasisi ya pedagojia, na hatukumwuliza hata swali moja: huko unajifunza nini?

Alipokuja likizo, usiku mmoja umeme umekatika, alichukua orodha ya darasa letu: majina 60, yamepangwa kwa alfabeti.

"Yaya, chagueni jina moja kimya. Nitalipata kwa maswali 6, hayatazidi."

Akashika jina la katikati. Ndilo? Sivyo. Liko juu au chini? Chini. Nusu ya juu akaifunika kwa mkono, akaenda katikati ya iliyobaki. Swali la tano akalipata. Tukamwuliza, je, wangekuwa 1,000?

"Maswali 10."

Hiyo, akasema, ndiyo algoritimu. Mashine inafuata tu. Njia lazima mtu aifikirie kwanza, na karatasi inatosha. Mwaka wa kwanza ni hisabati nyingi kuliko tulivyodhani, na lisansi ya mfumo wa LMD ni miaka 3.

Shangazi aliyekuwepo aliuliza kama hiyo si kazi ya wanaume. Mdogo wetu akacheka. Akatueleza juu ya ENIAC, kompyuta kubwa ya Marekani iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1946: walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake 6, na mwanzoni waliisoma kwenye michoro tu, kabla ya kuruhusiwa kuigusa. Shangazi akanyamaza, akaomba chai.

Tulimwomba msamaha kesho yake, kabla ya kwenda shamba. Alisema yameisha. Hatujui kama yameisha kweli.

Mwaka huu lakini biki haitoshi tena; programu zinapaswa kujaribiwa. Zamu yetu ya likelemba inafika mwezi wa kumi. Anayemjua mtu anayeuza kompyuta ndogo iliyotumika, yenye betri inayoshika moto vizuri (umeme wetu mnaujua), atuambie kabla ya hapo.