Farasi Amelala Mchangani

Filamu ya Hidalgo ilitoka mwaka 2004. Inamhusu Hidalgo, farasi wa madoadoa, wa asili ya porini huko Marekani, anayevushwa bahari kwenda Uarabuni kushindana na farasi wa nasaba bora katika mbio za maili 3,000 jangwani. Mpandaji wake, Frank Hopkins, ameigizwa na Viggo Mortensen; sheikh mwenye mashindano ni Omar Sharif. Kabla ya safari, Hopkins ndiye aliyebeba barua iliyotangulia mauaji ya Walakota, watu wa upande wa mama yake, pale Wounded Knee, Desemba 1890. Tangu hapo anakunywa pombe. Karibu na mwisho wa mbio, farasi, amejeruhiwa na kiu imemmaliza, analala mchangani. Hopkins anatoa bastola ampumzishe.

Niliiona katika banda la video Kariakoo: mabenchi ya mbao, turubai jeusi mlangoni, televisheni moja na feni moja. Ilikuwa imetafsiriwa. Enzi hizo filamu isiyo na sauti ya mfasiri tuliiona haijaiva. Mfasiri marehemu Lufufu alikuwa ametuzoesha hivyo, na DJ Mack na wengine wakaendeleza kazi. Mfasiri wa kanda ile alikuwa msemaji hasa. Alitueleza nani ana hila, nani mkwe wa nani, hata farasi anawaza nini. Farasi alipolala, akanyamaza. Sauti iliyokuwa masikioni mwetu tangu mwanzo ikakatika, tukabaki na Hopkins, bastola na lile jua.

Baba mdogo alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili akalia, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyemcheka. Nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwa wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo wenzake, na nilisikia kamasi zikivutwa kila upande. Farasi alipoinuka mwenyewe, banda zima likasimama.

Baba mdogo alikuja mjini kutoka upande wa Morogoro akiwa kijana, soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilipokuwa bado jipya, limefunguliwa 1975. Saa kumi alfajiri alikuwa keshafika sokoni. Alipakia viazi, nyanya, magunia ya vitunguu, akasukuma kwenda Ilala, au akavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani kwenda Magomeni. Mkokoteni haukuwa wake. Jioni alipeleka hesabu kwa mwenyewe, kilichobaki ndicho chake. Kilichobaki Jumapili kilikwenda Empire, Avalon au Cameo, kwenye picha za makauboi. Vijana wa mji huu walizipenda kabla yake. Miaka ya 1950 mavazi yao ya kikauboi yaliwatia wakoloni wasiwasi. Hata pale Msasani ulipo ubalozi wa Marekani leo palikuwa na Drive-In, iliyofunguliwa 1966, watu wakitazama farasi wa Marekani chini ya nyota za Dar.

Baadaye nilisoma kwamba wanahistoria waliochunguza madai ya Hopkins hawakupata ushahidi kuwa mbio zile ziliwahi kufanyika. Nilimwambia baba mdogo. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, mbio zinaweza kuwa za kutunga. Kuchoka kwa yule farasi hakukutungwa."

Kisha akanisimulia habari ambayo hakuitoa kwenye picha yoyote. Babu yake alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza lilishuka mwaka 1916 na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na ndorobo wakawamaliza farasi kwa maelfu. Mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ilikuwa papa hapa Kariakoo, chini ya fremu hizi tunazogombania. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini 1927, ni ya mtu mwenye bunduki. Wapagazi wamo kwenye maandishi ya chini tu, bila jina hata moja. Naona ni deni, na kwa kadiri miaka inavyopita linazidi kunielemea.

Baba mdogo alianguka kazini, na mzigo ukiwa juu ya mkokoteni. Mwenzake mmoja alimkimbiza hospitali, mwingine akaumalizia mzigo hadi kwa mteja, maana nyanya hazingoji. Siku ya pili kijana mgeni aliushika mkokoteni ule na jioni akapeleka hesabu. Simlaumu, alikuwa na watoto. Wenzake baba mdogo walichangishana noti zilizokunjwa vidogo kama za nauli, wakakodi Coaster, tukamzika Morogoro. Wakarudi usiku uleule ili alfajiri iwakute sokoni.

Soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wakahamishiwa Kisutu na Machinga Complex, nilishikwa na uchungu ambao sikuutegemea. Nilitaka kumwuliza baba mdogo angepitia njia gani sasa, mtaa gani una mashimo, wapi trafiki wanazuia. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na jibu lake, naye hakuwepo kunipa.

Banda lile siku hizi ni fremu ya vifaa vya simu. Hidalgo ninayo mkononi, picha safi kuliko tulivyowahi kuiona. Nikifika pale farasi anapolala, muziki wenyewe unasikika vizuri, na hainiumi. Nimeulizia nakala iliyotafsiriwa kwa waliokuwa wakiuza kanda, na kwa waliokuwa wakikodisha. Wananiletea filamu nyingine za mfasiri yuleyule, akiongea mwanzo mwisho. Namsikiliza nikingoja mahali atakaponyamaza tena.

Mimi na baba mdogo tulibishana pia kuhusu mwisho wa filamu. Hopkins anawanunua farasi wa porini waliokuwa wapigwe risasi, anawafungulia, kisha anamvua Hidalgo hatamu na kumwacha aende nao. Mimi niliona ni zawadi. Baba mdogo alikataa kabisa. Farasi aliyevuka bahari na wewe, alisema, humfungulii ukaondoka. Unazeeka naye, unamchotea maji, na siku yake ikifika uko hapo. Nilimjibu kwamba anataka kumfunga kiumbe aliyestahili kupumzika. Akasema kupumzika peke yako si kupumzika. Hatukumaliza ubishi ule, na sasa nauendeleza peke yangu, mara nyingi nikiwa upande wake.