Kuku wa Kwenda Likasi

Reli inayopita Fungurume ni ya zamani. Kampuni ya BCK iliifikisha Bukama mwaka 1918. Sisi tuliisafiria mara ya kwanza mwaka 1990, tukiwa na miaka kumi. Tulifuatana na nkambo, aliyekwenda Likasi kumwona dada yake mgonjwa. Alibeba kuku mzima katika kapu, na sisi, mtoto wa masomo, tulisikia haya.

Treni ilichelewa sana. Wasafiri wakafungua chakula: viazi vitamu, karanga, bukari na samaki. Hakuna aliyekula peke yake.

Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu mpaka Kikula. Wabelgiji waliuita mji huo Jadotville, kwa jina la injinia Jean Jadot. Mwaka 1966 ukaitwa tena Likasi. Sisi tulitazama majumba tu, lakini nkambo alisalimia kila mtu mzima.

"Unatembea kama mwizi," alitugombeza. "Salimia batu kwanza, batakuonyesha njia."

Tulipofika, alimtoa kuku kwa mikono miwili kabla ya kusema neno. Mgonjwa alilia. Usiku ndipo tulipoambiwa: hawakuwa wameongea miaka mingi, kwa sababu ya ugomvi wa mahari. Kuku yule hakuwa zawadi tu, alikuwa kuomba radhi. Dada yake alifariki mwezi uliofuata.

Siku hizi tunatuma pesa kwa telefoni, na si vibaya. Lakini wanafunzi wetu tunawauliza: je, telefoni inaweza kupiga magoti mlangoni?