Gari likivutwa, watoto washuke: Jioni yetu chini ya Mlima Kitonga

Mshale wa joto ulipanda ghafla. Kabla shemeji hajasema lolote, mvuke mweupe ulikuwa umeshaanza kutoka chini ya boneti. Akalitoa gari barabarani, akazima. Ilikuwa saa 10 alasiri, mwishoni mwa Desemba, na tulikuwa tumeshapita Mahenge, ile ya Kilolo, si ile ya Ulanga. Mbele yetu ulikuwa Mlima Kitonga.

Tulikuwa watano ndani ya Hilux ya zamani ya gia za mkono: shemeji kwenye usukani, dada yangu, mimi, na watoto wao wawili, wa miaka minane na mitatu. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwenda kwa bibi, Iringa, safari ya takriban kilomita 500.

Kwa asiyeifahamu njia hiyo, ni moja ya njia nzuri za kusafiri na watoto. Unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mkubwa alihesabu twiga mpaka akachoka. Kisha unaingia kwenye bonde la mibuyu, na Mto Ruaha Mkuu uko jirani na barabara. Ukifika Ruaha Mbuyuni unapokewa na vitunguu vilivyopangwa mezani, na joto la kukausha koo. Baada ya hapo ndipo barabara inapanda Kitonga kwa kona kali, malori yakitambaa moja nyuma ya jingine, na ukifika juu unafungua begi kutafuta sweta.

Siku hiyo hatukufika juu.

"Asiguse mtu rejeta"

Shemeji alifanya jambo la kwanza vizuri. Alipiga kelele mtu yeyote asisogee kwenye boneti. Maji ya rejeta yanapochemka yanakuwa na mgandamizo, na anayefungua mfuniko yakiwa ya moto anaweza kurukiwa na maji na mvuke usoni na mikononi. Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimeona wodini majeraha ya kuungua, na sitamani kumwona mtoto wa mtu yeyote akiyapata, achilia mbali wa dada yangu.

Tuliweka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari, shemeji akakata matawi na kuyapanga barabarani kama wanavyofanya madereva wa malori, akawasha taa zote za tahadhari. Dada na mimi tulishusha vioo. Mdogo alikuwa amelala usingizi mzito kwenye kiti chake. Mkubwa alikuwa anasinzia.

Boneti ilipopoa tukaona tatizo: mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Wa akiba hatukuwa nao.

Baada ya dakika 20 hivi likasimama lori. Dereva, kijana mchangamfu, alishuka na utingo wake, wakaangalia, wakaafikiana bei na shemeji. Wangetuvuta kwa kamba, watupandishe Kitonga mpaka Ilula, kwenye mafundi. "Saa moja na nusu tu, bro, umefika," alisema.

Dada aliuliza kama watoto wakae ndani. Shemeji akajibu kwamba wamelala, kuwaamsha ni kuanza vilio, na jua linazama. Dada akanitazama mimi. "Wewe ndiye wa mambo ya afya. Unasemaje?"

Nami nikasema: "Waache walale tu."

Nimeandika sentensi hiyo kama nilivyoisema, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nimewahi kuandika kwenye gazeti hili kwamba, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Nilizijua takwimu hizo kwa kichwa. Lakini pale kando ya barabara, nikiwa nimechoka na giza linakaribia, niliona gari lililozimika ni kama kitanda chenye magurudumu. Halina injini inayonguruma, haliendi lenyewe, litadhuru vipi?

Mzee mwenye chuma

Utingo alikuwa tayari ameinama anafunga kamba, ndipo pikapu ikatokea upande wa mlimani, ikasimama ng'ambo. Akashuka mzee aliyevaa ovaroli iliyoiva kwa oili. Ni fundi wa Ruaha Mbuyuni, alikuwa anarudi kutoka kumtengenezea mtu gari huko juu.

Alisalimia wote. Akaangalia kamba, akaangalia mlima, kisha akachungulia dirishani kwetu na kuwaona watoto.

"Mama, hawa wanakwenda wapi?" alimwuliza dada.

"Tunavutwa nao, mzee. Wamelala."

"Watoto hawavutwi, mwanangu. Washushe."

Shemeji hakupenda. Alimwambia mzee kwamba ataendesha polepole, na kwamba atakuwa mwenyewe kwenye breki. Mzee hakubishana. Alimwambia aingie kwenye gari, asiwashe injini, akanyage breki mara nne.

Shemeji akakanyaga. Mara ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili pia. Ya tatu ikawa ngumu. Ya nne alisimamisha uso, akasema pedali imekuwa kama jiwe.

"Hiyo ndiyo breki utakayokuwa nayo Kitonga," mzee akasema. "Sasa zungusha usukani."

Usukani nao ulikuwa mzito mno.

Alitueleza pale pale, kwa utaratibu, huku kijana wa lori naye akisikiliza. Breki za magari mengi husaidiwa na injini. Injini ikizima, msaada huo unabaki kwa mikanyago miwili mitatu tu, kisha unabaki na nguvu ya mguu wako. Breki haijafa, ila inahitaji nguvu nyingi kupita kawaida, na dereva aliyezoea kugusa tu anachelewa. Usukani wenye msaada wa injini unakuwa hivyo hivyo. Na ole wake anayechomoa ufunguo, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga akiwa kwenye kona.

Kamba ina ubaya wake. Gari la mbele likipunguza mwendo, kamba inalegea, la nyuma linasogea. La mbele likiongeza mwendo, kamba inakaza kwa mshtuko. Hapo nilielewa kwa lugha ya kazi yangu: kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado dhaifu. Mishtuko hiyo ndiyo shingo ya mtoto isiyoiweza. Kamba ikikatika mlimani, gari linarudi nyuma na breki ngumu. Juu ya hayo, anayevutwa anakaa mita chache tu kutoka kwenye ekzosi ya lori, anavuta moshi njia nzima wala haoni kilicho mbele.

Mzee alikuwa na chuma cha kuvutia nyuma ya pikapu, kirefu, kinachofungwa kwa pini pande zote mbili. Alisema chuma hakilegei, kwa hiyo magari hayagongani kirahisi na hakuna ile mishtuko ya kamba. "Lakini chuma si breki," aliongeza. "Wa mbele akiwa mwepesi na wa nyuma mzito, wa nyuma anamsukuma. Ndiyo maana mimi Kitonga sipandishi gari la mtu, wala sishushi. Nawarudisha Ruaha Mbuyuni, njia ya bonde, mwendo wa baiskeli. Na ndani anakaa mmoja tu, anayeshika usukani."

Shemeji alinyamaza. Kurudi nyuma kulimaanisha kulala njiani, na bibi alikuwa ameshachinja kuku. Dada hakusubiri jibu. Alikwishamfungua mdogo mkanda.

Sitini za kusubiri

Kijana wa lori alikunja kamba yake bila kinyongo, akatutakia heri. Mzee alifunga chuma, akaongeza mnyororo pembeni ili pini ikichomoka gari lisiachane na lake. Alihakikisha ufunguo upo na usukani uko huru, gia iko huru, breki ya mkono imeachiliwa, taa za tahadhari zinawaka. Wakakubaliana honi moja maana yake simama. Alituambia tusipite katikati ya magari mawili kwa sababu yoyote, hata kuokota kiatu.

Sisi tulisimama mbali na lami, chini ya mti, mpaka Kosta iliyokuwa inashuka kuelekea Morogoro ikasimama. Tulipata viti. Mdogo alilia, kama baba yake alivyotabiri, kwa dakika kama tano. Kisha akaanza kuwaonyesha abiria mibuyu.

Ruaha Mbuyuni tuliketi kwenye mgahawa, tukaagiza maji na chipsi. Dakika zilipita. Dada alikuwa anatazama barabara bila kula. Saa nzima baadaye pikapu ikaonekana, taa zikimetameta, na Hilux nyuma yake.

Shemeji alishuka shati limelowa mgongoni. Alikunywa chupa nzima ya maji ndipo akazungumza. Karibu na Mtandika ng'ombe walikatiza barabara, mzee akafunga breki. "Nilikanyaga kwa miguu yote miwili," alisema. "Chuma ndicho kilichonishika nisimgonge." Akatazama watoto, akachukua chipsi moja kwenye sahani ya mkubwa. Hakuendelea.

Tulilala gesti. Asubuhi mzee alifunga mkanda mpya, akajaza maji, akatuuzia na wa akiba. Tulipanda Kitonga saa 3, gari likivuma kwa afya, watoto wamefungwa mikanda. Kwenye kona moja mkubwa alisema, "Mama mdogo, kumbe ni huku tungevutwa." Nilimwambia ndiyo, ni huku.

Wengine wanavuta kila siku

Tuliporudi nilisoma zaidi. Nchini Marekani na Kanada kuna familia, hasa za wastaafu, zinazosafiri kwa nyumba ya magurudumu, gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani. Nyuma yake huvuta gari dogo la kuzungukia mjini, magurudumu yote manne yakiwa chini, kwa chuma kinachofanana na cha yule mzee. Kwao ni jambo la kila likizo, na bado masharti ni mengi. Pembeni ya chuma kuna minyororo ya usalama iliyopishanishwa. Taa za gari la nyuma huunganishwa kwa waya na za mbele, ili linapofungwa breki wanaofuata waone. Majimbo mengi yanataka gari linalovutwa liwe na breki zake zinazofanya kazi pamoja na za mbele, na kuna kiwaya kinachozifunga zenyewe iwapo gari litachomoka. Dereva harudi nyuma akiwa amefunga chuma, kwa sababu magurudumu ya gari dogo hupinda ovyo na chuma kinaweza kuharibika. Na ndani ya gari dogo hakai mtu. Watoto wote wako mbele, kwenye viti vyenye mikanda.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi wenye magari ya gia otomatiki. Mengi ya magari hayo hayatakiwi kuvutwa magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa kuwa gia hazipati oili ipasavyo injini ikiwa imezima, na zinaweza kuungua. Soma kitabu cha gari lako. Kama kinakataza, tafuta gari la kubeba gari zima mgongoni.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya safari ndefu, muulize fundi hali ya mkanda wa feni na ubebe wa akiba. Weka ndani ya gari pembetatu mbili, tochi, maji ya kunywa ya kutosha watoto wote, na namba ya fundi wa mahali unakopita. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Gari likiharibika, shusha watoto upande usio wa barabara na uwasogeze mbali na lami. Usiwaache ndani ya gari lililosimama juani, joto hupanda humo kwa dakika chache. Kama lazima livutwe, liende sehemu ya karibu yenye tambarare, hata kama ni kurudi ulikotoka. Dereva ajaribu kwanza breki na usukani injini ikiwa imezima, ajue anaingia na nini.

Na akikuuliza mtu kama watoto waliolala waachwe ndani, usijibu kama nilivyojibu mimi. Waamshe. Watalia dakika tano.