Mtihani wa Mkanda Mweusi Kabla ya Ndege

Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano yaliyowafungulia wauguzi wa Kenya kazi katika hospitali za huko. Tumfikirie muuguzi mmoja wa mtaa wa Umoja, Eastlands ya Nairobi, aliye na mkanda mwekundu wa taekwondo. Viza imekaribia, na mtihani wa mkanda mweusi pia. Aufanyie Nairobi, au asubiri atulie Leicester?

Wengi watamwambia asubiri. Huko kuna mikeka, vifaa vya kinga vinavyotosha kila mtu, na ukumbi wenye joto hata Januari. Hayo ni kweli, na mtoto wa Eastlands aliyejifunzia kurusha mateke kwenye saruji ana haki ya kuyatamani.

Lakini taekwondo ina nyumba zaidi ya moja. Mtindo wa Olimpiki, ule ambao Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya nao katika Michezo ya Tokyo 2020, una poomsae, yaani mipangilio ya miondoko, 8 za Taegeuk kwa wanaopanda kuelekea mkanda mweusi. ITF, shirikisho lililoanzishwa na Choi Hong-hi mwaka 1966, lina mipangilio yake 24, na klabu za mtindo huo zimeenea sana Uingereza. Muuguzi wetu, aliyefunzwa mtindo wa Olimpiki, akikuta kwamba klabu iliyo karibu na hospitali yake ni ya ITF, ataanza kujifunza upya jambo alilokwisha kulimaliza. Mkanda mwekundu hutolewa na klabu, na klabu nyingine hailazimiki kuutambua.

Halafu kuna zamu za hospitali. Mazoezi ya mtihani hayataki mwili uliotoka kazini alfajiri na kulala kwa saa nne tu. Mtahini anaweza kuita Taegeuk yoyote, kwa hiyo zote 8 lazima zikae mwilini bila kufikiriwa. Pal Jang, ya mwisho, ina mateke mawili ya mbele yanayofuatana mtu akiwa hewani. Anayeruka vibaya husikika: kisigino hugonga sakafu, mabega yanainuka, na ngumi inayofuata inachelewa. Kosa dogo kama hilo huonwa na mtu aliyekutazama kwa miaka, si na mwalimu aliyekujua wiki iliyopita.

Hapo ndipo mtaa unapomfaa mwanafunzi. Katika ukumbi wa jamii hakosi mwenzake wa kumshikia pedi, mdogo anayemhesabia kwa Kikorea, na dada mkubwa mwenye mkanda mweusi wa kumwambia wazi kwamba goti lake linashuka. Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, pumzi za pambano anazijenga papo hapo. Ughaibuni atazipata pedi kwa urahisi. Lakini watu kama hao wa ukumbini huchukua miaka kupatikana, na mgeni mwenye zamu za usiku atawahitaji kabla miaka hiyo haijapita.

Na cheti ni kilekile. Dani, yaani daraja la mkanda mweusi, ya mtindo wa Olimpiki huthibitishwa na Kukkiwon, makao makuu ya mtindo huo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, na haijali mtihani umefanyiwa Kayole au Leicester, mradi mtahini ana sifa na ombi limewasilishwa ipasavyo. Kutoka dani ya kwanza hadi ya pili lazima upite angalau mwaka mmoja. Mwaka huo wa kuzoea baridi, kodi na ratiba za hospitali unaweza kuhesabika kwenye dani ya pili, badala ya kupotea ukimsubiri mtu aanze upya.

Basi afanye mtihani nyumbani. Ada ailipe mapema, asiiache ishindane na gharama za safari dakika za mwisho. Naye mwalimu ahakikishe ombi limefika Kukkiwon kabla mwanafunzi hajaondoka, jina likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile analoitwa mtaani.