Nani Anabaki na Watoto

Katika familia yetu gwanda limevaliwa na vizazi vitatu: baba yangu, mimi, na sasa binti yangu. Kila mmoja wetu, siku ya kuondoka ilipofika, alikutana na swali lile lile la nani anabaki na watoto, na kila mmoja alilijibu kwa namna ya zama zake. Mimi nimestaafu, naishi Msamala hapa Songea, na mjukuu wangu yuko mikononi mwangu wakati mama yake yuko kozi. Nayaandika haya kwa sababu naona wanajeshi wengi vijana bado wanategemea jibu la zama za baba yangu, ilhali mambo yaliyoliwezesha jibu lile hayapo tena.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Kagera iko kona ya kaskazini-magharibi, sisi tuko kusini kabisa, lakini amri ilifika kambini kwetu upesi. Baba alimwambia mama usiku, asubuhi akapanda lori. Huku Ruvuma, Novemba ndipo mvua zinapoanza na kila mwenye jembe yuko shambani anapanda mahindi. Mama alikuwa na shamba, mtoto mgongoni, na sisi wakubwa wawili. Nilikuwa darasa la kwanza.

Hakuna aliyekaa kikao. Habari ilifika kijijini, upande wa Peramiho, kabla mama hajatuma mtu. Babu akaja, akalala usiku mmoja, kesho yake tukaondoka naye. Mwalimu mkuu wa kule aliandika majina yetu kwenye daftari lake bila kudai karatasi yoyote, akatuonyesha dawati. Nyumbani kwa bibi tulikuta binamu zetu, tukabanana nao kwenye mkeka, tukala ugali kwa kunde, na dagaa wa Nyasa walipopatikana. Mama alibaki mjini na mdogo wetu, akilima na kusubiri barua. Barua zilikuwa chache, zimekunjwa mara nyingi, na hazikutaja baba yuko wapi. Mengine tuliyapata kwa Radio Tanzania, watu wakiwa wamezunguka redio moja dukani. Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili 1979 kijiji kizima kilishangilia. Baba alirejea mwaka uliofuata, na mdogo wangu, aliyekuwa amemwacha ananyonya, alilia kila alipotaka kumbeba.

Kwa miaka mingi niliusifu mpango ule kwa wepesi wake. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoanza kuuona vizuri. Uliwezekana kwa sababu bibi alikuwa na ardhi, ghala lenye mahindi, na wakwe wanne waliokaa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Uliwezekana pia kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Bibi alikuwa na miguu inayovimba. Alituogesha, akatupeleka zahanati tulipopata malaria, akakesha, na katika hadithi zote za vita nilizosikia nyumbani jina lake halikutajwa hata mara moja.

Niliingia jeshini mwaka 1991 kupitia JKT. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa 1998, na mume wangu naye alikuwa askari. Nyumba yenye askari wawili ina shida yake: mmoja yuko lindoni usiku, mwingine yuko mazoezini, na kuna majira wote wawili wanahitajika mahali pengine siku hiyo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile inayompa mama siku 84 za likizo ya uzazi, haiwagusi wanajeshi; jeshi lina taratibu zake. Na likizo ya uzazi, hata iwe ndefu vipi, ina mwisho. Kinachofuata ni miaka ya kutafuta mikono.

Mikono yetu ya kwanza ilikuwa kota. Majirani zetu walijua ratiba za kila nyumba. Ukiitwa usiku unagonga ukuta, mke wa jirani anafungua mlango, unampa mtoto akiwa bado amelala. Siku ya zamu yake unampokea wa kwake. Mikono ya pili ilikuwa ya binti wa mjomba wangu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na mjomba akamleta na begi dogo akisema amsaidie dada yake. Huyo ndiye aliyemlea mwanangu. Ndiye aliyemfundisha kutembea, ndiye aliyejua kilio kipi ni cha njaa na kipi cha homa. Malipo yake kwa muda mrefu yalikuwa kama ya mabinti wengine wote wa aina yake katika mji huu: vitenge, sabuni, na nauli ya sikukuu. Baadaye tulimlipia mafunzo ya ushonaji VETA, na leo ana cherehani zake Mfaranyaki. Kila cheo nilichopanda, jasho lake limo ndani.

Kisha mikono hiyo ikaanza kupungua, moja baada ya nyingine. Bibi alifariki. Mama aliingia kwenye biashara ya nafaka sokoni, akawa haonekani nyumbani kuanzia alfajiri. Dada yangu alipangiwa kufundisha Mbinga. Uhamisho ukatutoa kota tulizozizoea, tukapanga mtaani ambako jirani hajui lindo ni nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kumwajiri mtoto, ikasimamia pia usajili wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Ni sheria njema. Iliyasema wazi yale ambayo familia nyingi, yetu ikiwemo, zilikuwa zimeyazoea. Lakini kituo cha mchana kinafungwa jioni, na lindo linaisha asubuhi.

Ndivyo ilivyokuwa nilipoteuliwa kwenda kulinda amani Darfur, Sudan, mwaka 2013. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Mtwara. Binti yetu alikuwa sekondari, mdogo wake bado shule ya msingi. Nilimwendea mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa na duka la vyakula Bombambili, nikitarajia kusikia neno la kawaida la ndugu, kwamba nisiwe na wasiwasi. Alinitengenezea chai, akakaa mbele yangu.

"Dada, watoto ni wangu, nitawalea," alisema. "Lakini duka likifungwa mimi nakula nini? Na mtoto akihitaji kupasuliwa, nani anasema ndiyo?"

Tulikaa mezani mpaka usiku na daftari la shule la mwanangu. Upande mmoja tuliandika fedha: nitatuma kiasi gani kwa M-Pesa, lini, na ngapi kati ya hizo ni za msichana mtu mzima atakayekaa dukani saa za watoto kurudi kutoka shuleni. Upande wa pili tuliandika watoto wenyewe: kadi ya kliniki iko wapi, dawa ya kifua ya mdogo hutolewa vipi, mwalimu wa darasa ni nani, nani anaruhusiwa kuwachukua na nani haruhusiwi hata akija na zawadi. Jina la mume wangu lilitangulia kwenye maamuzi ya hospitali, la mdogo wangu likafuata. Mwisho aliongeza mstari ambao mimi nisingeufikiria: habari mbaya ikija, watoto waipate kwake, wasiipate mtaani.

Tarehe 13 Julai 2013 wenzetu saba wa kikosi cha Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia. Habari ilifika nyumbani kabla sisi wengine hatujapata nafasi ya kupiga simu. Mdogo wangu alifunga duka, akawaita watoto ndani, akawaambia kilichotokea na kwamba jina langu bado hajalisikia, akakaa nao. Nilipompata hewani siku iliyofuata, binti yangu hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Naamini alisimama imara vile kwa sababu ya mstari mmoja kwenye daftari.

Baadaye nilijifunza kwamba jeshi la Marekani huwataka askari wanaolea watoto peke yao, na askari waliooana wenye watoto, wawe na mpango wa malezi ulioandikwa, wenye jina la mlezi na saini. Sisi tuliufikia kwa chai na daftari. Ningependa siku moja kila kikosi chetu kiuulizie mpango huo wakati kinapokagua buti na kadi za chanjo.

Sasa ni zamu ya binti yangu. Jibu lake ni tofauti na yote yaliyotangulia, kwa sababu jina la kwanza kwenye karatasi yake ni la mumewe, mwalimu wa hapa mjini, anayepika uji wa ulezi na kumpeleka mtoto kituoni kabla ya kwenda kazini. Zama za baba yangu hakuna aliyedhani mwanamume anaweza kuwa ndiye anayebaki. Mimi ni jina la pili. Kabla sijakubali nilitaja siku zangu za kliniki ya shinikizo la damu na saa ambazo sitaweza kumbeba mtoto, na binti yangu akaziandika bila kununa.

Undugu haujapungua kwetu. Kilichobadilika ni kwamba anayebaki anaulizwa, anasema anachoweza na asichoweza, na kazi yake inahesabiwa kuwa kazi. Kijana unayesubiri amri, usiingoje ifike ndipo uanze kumtafuta mlezi. Mwendee leo, akiwa na nafasi ya kukataa. Akikubali baada ya hapo, utaondoka ukijua watoto wako wako kwa mtu aliyewachagua.