Rimu za Kaka, Hesabu Zangu na Viazi vya Mama

Najua nimepotea, msinipige mawe. Likizo nilikuwa nyumbani Yakobi, Njombe, na mambo yalikuwa mengi. Sasa nimerudi chuoni Mkwawa, hapa Iringa, na kabla testi hazijaanza nimeona nitoe la moyoni. Ni stori ya gari la kaka, ila mwenye kesi ni mimi.

Basi bwana. Kaka yangu ana Mark II, GX100, anakodisha kwa watu wa kwenda mjini na kurudi. Gari hiyo ndo inalisha watoto wake, na bumu likichelewa inanilisha na mimi. Likizo hii akawa amepata rimu za mtumba za inchi 17, pana, zinang'aa kama sufuria mpya, akanunua na matairi yake. Akaniita. "Mdogo wangu, wewe si ndo msomi wa hesabu na fizikia? Njoo uniambie kama hizi zinaingia."

Jamani, kaka hajawahi kuniomba ushauri wa gari tangu nizaliwe. Kichwa kilivimba kuliko hayo matairi.

Kwa wasiojua, rimu haitazamwi urefu peke yake. Kuna upana, na kuna ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu. Mara nyingi vyote vimechorwa kwenye rimu yenyewe. Za zamani zilikuwa inchi 6, ofseti 50. Mpya inchi 8, ofseti 35. Inchi mbili zilizoongezeka zinagawanyika, moja inaenda ndani na moja nje, hiyo ni milimita 25.4. Jumlisha 15 za tofauti ya ofseti, unapata 40.4. Kwa hiyo rimu inachomoza nje sentimita 4 nzima kuliko ya zamani. Nikamwambia kaka, zinaingia, lakini tairi litagusa ukingo wa fenda. Lazima fenda zifanyiwe kazi.

Tukaenda Makambako kwa fundi bodi. Makambako ni njia panda, huku Mbeya, huku Njombe na Songea, maroli yanalala pale, kwa hiyo gereji hazikosekani. Kaka alitaka fenda zikatwe na grenda yaishe. Fundi, mzee wa makamo mwenye ovaroli lenye mafuta ya miaka, akakataa.

"Hapa nyuma ni mabati mawili yameshikana. Ukikata umewafungulia maji mlango. Kwa mvua za kwenu huko, mwaka hauishi kutu itakuwa imekula ubavu wote. Tunakunja."

Ndani ya fenda kuna mdomo wa bati umeelekea kwenye tairi. Huo ndo unaokunjwa kwenda juu. Kuna kifaa chenye roli kinafungwa kwenye habu, unakizungusha taratibu. Yeye hakuwa nacho. Alipasha rangi joto ili isipasuke, akagonga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu anarudia. Palipochubuka akapaka rangi ya kuzuia kutu.

Huku anagonga anatupigia stori za Safari Rally, za Toyota Celica Twincam Turbo iliyoshinda 1984, 1985 na 1986. "Mmeona picha zake? Fenda zimevimba. Watu wanadhani urembo. Tairi pana likiruka lazima liwe na pa kwenda." Mimi nikawa natabasamu tu kama mtu anayesikiliza.

Rimu zikafungwa. Nikapitisha kidole kati ya tairi na fenda, kikapita. Nikasema safi.

Fundi akasema, "Bado, mwalimu. Tupakie watu na mawe kwenye buti, tuone likikaa chini."

Hapa naandika kwa aibu. Nilimjibu, "Mzee wangu, hesabu imekubali." Kaka alimtazama fundi, akanitazama mimi, akatoa hela akalipa. Alinifuata mimi.

Siku tatu hivi gari lilikuwa linapendeza, watoto wanalikimbilia. Siku ya nne mama akawa na viazi vya kupeleka mjini. Magunia mawili kwenye buti, na si magunia ya kawaida, ni lumbesa, maana madalali hata wakatazwe vipi lumbesa wanaitaka. Mama akakaa mbele, mimi nyuma na shemeji na jirani mmoja. Gari likalala nyuma kama kuku anayeatamia.

Kwenye kipande cha vumbi tulianza kusikia krrrr kila tukiingia shimoni. Kaka akapunguza mwendo. Tulipofika kwenye kashimo kengine ikaja harufu ya mpira kuungua. Akasimamisha. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekatwa begani mzunguko mzima, nyuzi zinaonekana. Bado kidogo tu lingepasuka, na mbele yetu kulikuwa na mteremko.

Mama alishuka, akajifunga kitenge vizuri maana ukungu ulikuwa mzito, akaangalia tairi kwa muda. Akauliza, "Nani alipima?"

Mdomo wangu ulikauka. Kaka, akiwa amepiga goti anafungua nati, akasema, "Tulipima wote, mama."

Wadau, kaka hakupima chochote. Hata rula hakuishika.

Tulifunga spea, ile rimu ya zamani, tukaenda mdogo mdogo mpaka mjini. Kesho yake kaka alirudisha magurudumu yote ya zamani. Rimu mpya aliziuza kwa hasara, na lile tairi hakuna aliyelitaka hata bure. Hajanisema mpaka leo, na hiyo ndo inaniuma zaidi. Bora angenisema.

Kanuni ya Hooke naijua tangu sekondari. Ukiongeza mzigo, springi inasogea zaidi. Ningeifundisha kesho asubuhi bila daftari. Lakini pale gereji nilipima gari tupu, limesimama kwenye sakafu ya saruji, wakati gari la Yakobi halitembei tupu hata siku moja. Yule mzee asiyejua neno Hooke ndiye aliyekuwa anaikumbuka kanuni.

Nikirudi chuoni basi lilisimama Makambako. Nikakimbia mpaka gereji, nikamwamkia, nikamweleza yote. Nilidhani atacheka. Akafuta mikono, akauliza, "Mama hajambo?" Nikamwambia hajambo. Akasema, "Basi siku akitaka tena rimu pana, njooni na viazi humo humo."

Bumu likitoka nitamtumia kaka hela ya tairi moja. Najua atakataa, ila nitatuma.

Haya, testi ya Jumatatu inaniita. Tuombeane.